Kiti cha Baba, Kikombe cha Bibi

Naandika haya nikiwa barazani kwetu Ipagala, mvua zimeshaanza, na bibi yangu yuko hapa pembeni anachambua mlenda na kunisema. Nalitaja hilo mapema ili usisome roho juu. Hafi. Sitaki mtu alie bure kwa ajili ya bibi ambaye dakika hii ananiambia miguu yangu imenyooka kama mwiko na hakuna atakayenioa isipokuwa mpishi.

Naitwa Nyemo, niko kidato cha tatu. Walimu wangu wote watakwambia kwamba kelele zingekuwa somo ningeongoza shule. Lakini hili naliandika kwa dhati, kwa sababu joto la Dodoma linarudi kila mwaka, na najua iko nyumba nyingine yenye bibi au babu kama wetu, na watu wanamwambia "kunywa maji, kunywa maji" halafu wanashangaa mbona hanywi. Sisi tulisema hivyo mpaka midomo ikachoka. Kumbe shida haikuwa kwenye maji.

Bibi ni mama mzazi wa Mama. Alikuja kwetu baada ya mavuno, wakati ule wa upepo baridi wenye vumbi, kwa kuwa macho yalianza kumsumbua na kijijini, upande wa Bahi, alikuwa amebaki peke yake. Babu alishafariki. Kwa utani wa bibi na mjukuu, mimi na yeye ni wake wenza, wote tumeolewa na Babu: yeye mkubwa, mimi mdogo. Siku aliyofika nilimwamkia kwa adabu zote, akanitazama toka juu mpaka chini.

"Huyu ndiye aliyeletwa kunisaidia kazi?" akasema. "Mume wetu alidanganywa."

"Mume wetu alitaka kupumzisha macho," nikamjibu.

Alicheka mpaka akakohoa. Basi, tukaelewana kuanzia hapo.

Baba na Bibi ni habari nyingine kabisa. Baba ni mkwe, na mkwe na mama mkwe, kwa jinsi Bibi alivyolelewa, wanaheshimiana kwa kukwepana. Hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni. Baba akisalimia anasimama nje ya chumba, nyuma ya pazia, anasema, "Shikamoo, mama." Bibi anaitikia ameelekea ukutani, kanga imemfunika mpaka kwenye paji la uso. Yaani kama watu wanaopigiana simu wakiwa nyumba moja. Mimi nilikuwa nawacheka.

Joto lilianza mwezi wa kumi. Wapo watu husema Dodoma ni ukame tu, joto liko Dar es Salaam. Waje wakae chini ya bati saa nane mchana. Chumba cha Bibi kilielekea magharibi, na jioni ukigusa ukuta wake unarudisha mkono haraka. Wakati huohuo Baba, ambaye ni mlinzi kwenye ofisi fulani huko Mtumba, akahamishiwa zamu ya usiku. Akawa anarudi asubuhi, anakunywa chai, anavuta kiti chake sebuleni na kusinzia hapohapo mpaka jioni. Mama ni fundi cherehani, anashinda kibandani kwake Chang'ombe, hapahapa Dodoma. Mimi shule. Nyumbani wanabaki Baba na Bibi, na pazia katikati.

Siku moja nilirudi kutoka shule nikamkuta Bibi ameketi kitandani, amevaa sweta na kanga mbili juu yake. Midomo imepasuka. Hakuwa na jasho hata tone, na mkono wake ulikuwa wa moto kama sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi.

"Wafungieni ndama," akaniambia.

Nikajua ni utani. "Nimeshawafungia. Na wamekunywa maji kuliko wewe."

"Wafungieni," akarudia, "wanaingia kwenye shamba la uwele la watu."

Nikamtupia neno la Babu, lile la kumuudhi kabisa, kwamba Babu aliniambia mimi ndiye napika vizuri. Akanitazama kama mtu anayejiuliza mtoto huyu ni wa nani. Hapo ndipo nilipoogopa. Bibi yangu hana meno ya kutosha na macho yake ni ya kuazima, ila hajawahi kukosa jibu. Nilitoka mbio kumwamsha Baba.

Baba alifika mlangoni, akashika pazia, akasimama. Hakuingia. Aligeuka, akakimbilia barabarani kutafuta bajaji, na njiani akamwita Mama Zuhura, jirani yetu Mrangi kutoka Kondoa. Mama Zuhura hakuuliza maswali. Alimvua Bibi lile sweta, akaichovya kanga yake mwenyewe kwenye ndoo, akamfunika nayo kuanzia shingoni, tukambeba mimi na yeye. Ndani ya bajaji akawa anampepea kwa daftari langu la Jiografia. Daftari hilo halijawahi kufanya kazi ya maana kuliko siku hiyo.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi la mbao chini ya feni iliyogeukia upande mmoja tu, upande ambao sisi hatukuwepo. Bibi alikuwa ameegemea bega langu, mwepesi kama mzigo wa nguo. Nesi alipokuja akafinya ngozi ya mkono wake juu juu, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama. Nesi akamwita mwenzake alete kitanda cha magurudumu, na hao wawili wakatupitisha mbele ya foleni nzima. Wazee tuliowapita hawakunung'unika hata mmoja.

Mshipa wa kuwekea dripu ulitafutwa mkono wa kulia, ukatafutwa wa kushoto, ukapatikana karibu na kiwiko. Mama alifika kutoka Chang'ombe, nyuzi bado zimemning'inia kwenye blauzi, akasimama miguuni pa kitanda.

Dripu ya kwanza ilipoisha Bibi aliacha habari za ndama. Ya pili ilipofika katikati akafumbua macho, akaniona.

"Wewe ndiye uliyenileta huku ili ubaki na mume peke yako?"

Mama alitoka nje akalia. Mimi nilibaki nikicheka, machozi yakinidondokea kwenye sketi ya shule, kwa sababu siwezi kufanya jambo moja kwa wakati.

Wodini Bibi alikunywa kila alicholetewa. Walimpa maji ya chumvi na sukari, ile dawa ya pakiti, akaonja na kuuliza, "Nani amelia humu ndani?" lakini akamaliza kikombe. Akanywa uji, akanywa maji, akaomba chungwa la mgonjwa wa kitanda cha jirani. Siku ya kuruhusiwa daktari alimwita Mama na mimi pembeni. Alisema figo za Bibi zimechoka, na kwamba akikauka tena hivi, safari nyingine huenda dripu isimrudishe. "Na joto lenyewe bado," akasema. "Mwezi wa kumi na moja ndio wenyewe." Akatuambia anywe kiasi gani kwa hali yake, na tuangalie mkojo usiwe kama chai ya rangi. Wewe mwenye mgonjwa wako, muulize daktari wako, maana wapo ambao moyo au figo zao hazitaki maji mengi.

Niliapa rohoni kwamba Bibi yangu hatakauka. Nilijipa cheo, Mkuu wa Maji. Asubuhi kabla ya shule namwekea jagi na kikombe. Nikirudi, jagi liko tupu. Nikajisifu shule nzima. Baada ya muda nikaona mpapai ulio chini ya dirisha la Bibi umenawiri katikati ya kiangazi, majani yanang'aa, wakati mipapai ya mtaa mzima imekunjamana. Nilienda kuutazama, nikatazama dirishani. Bibi akafunga pazia.

Nilijaribu kila hila. Tikiti maji anakula vipande viwili, basi. Juisi ya ubuyu anasema ni tamu lakini baadaye. Uji mwepesi, jioni tu. Na lile sweta alilirudisha mwilini. Mama alibembeleza, akakasirika, akabembeleza tena.

"Mama, unataka kutuua kwa mawazo?"

"Nirudisheni kwangu," Bibi akasema. "Tembe langu lina ubaridi kuliko hili bati lenu."

Hapo hakukosea. Nyumba ya tembe, na ule udongo wake juu, mchana wa joto inashinda bati mara nyingi. Ila ndani ya tembe lile angekuwa peke yake, maji yako kisimani mbali, na zahanati mbali kuliko kisima. Kumrudisha ilikuwa ni kumzika mapema, na sote tulijua. Mama na Baba wakaanza kukoseana maneno. Mama akimwambia Baba, "Unashinda naye humu, hata kumkumbusha maji?" Baba anajibu, "Nimkumbushe vipi?" Halafu kila mtu anarudi kwenye sahani yake.

Kabla mwezi haujaisha tukarudi hospitalini. Safari hii aliingia kwa miguu yake, ila alikuwa anayumba na kuongea kwa kuburuta maneno. Dripu tena, mkono uleule wenye alama. Mimi nilikaa naye mchana, Mama akienda kufuata majibu ya damu. Nesi alimletea kikombe cha maji, Bibi akakipiga chote kwa mkupuo mmoja. Akaomba kingine. Kisha akashika bega langu, nikamshikia chupa ya dripu juu, tukaenda zetu chooni, akarudi, akaomba cha tatu.

Nikamtazama. "Mke mwenza, maji ya huku wameweka asali?"

"Maji ni maji."

"Mbona ya nyumbani unampa mpapai?"

Akageukia ukutani. Mimi sikumwacha. Mtu mwingine yeyote angeona haya, lakini mjukuu ana leseni. "Sema hapa. Au unajikausha ili Babu akuone umekonda?"

"Nyumbani choo kiko sebuleni," akasema taratibu.

"Kando ya sebule."

"Na sebuleni kuna nani mchana kutwa?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Ni jambo la nadra, waulize walimu wangu.

"Nipite mbele ya mume wa mwanangu," Bibi akaendelea, sauti ya chini, "nimeshika kopo, ajue naenda wapi na kufanya nini? Asikie? Nikae humo ndani anasubiri nitoke? Mimi ni mkwewe, Nyemo." Akavuta kanga usoni, ingawa Baba hakuwepo. "Nikinywa jioni akiwa ameondoka, inatosha."

Na sababu ya sweta ni hiyohiyo. Endapo pazia litapeperuka, mkwe asimwone mabega.

Nikamwambia nitaongea na Baba. Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Nikijua umemwambia, siku hiyohiyo nafunga mzigo. Na sitanii."

Nilimfuata Mama kwenye korido, nikamweleza. Hakushangaa. Alikaa kwenye benchi, akajipangusa shingo. "Nilihisi," akasema. "Ningemwambia baba yako nini? Kwamba mama yangu anabanwa mkojo kwa sababu yake? Hilo neno linatokaje mdomoni?"

Basi likabaki kwangu, na mimi na Baba hatuna utani. Baba ni mtu wa maneno machache, ukimletea mzaha anakutazama mpaka unajikumbusha una kazi ya shule. Jioni nilimkuta nje ya nyumba, kwenye ukuta wa kivuli, akisubiri saa ya kwenda lindoni. Nilikaa. Nikainuka. Nikakaa tena.

"Baba, ukiwa lindoni ukibanwa unafanyaje?"

"Swali gani hilo?"

"La kawaida tu."

"Naenda chooni."

"Na kama bosi wako mkuu kabisa, yule unayempigia saluti, ameweka kiti chake mlangoni mwa choo, na anakaa hapo tangu unaingia mpaka unatoka?"

"Nitajizuia," Baba akasema.

"Mpaka lini?"

Nilimwona akivipanga kichwani: kiti, mlango, pazia, jagi. Aliinamisha kichwa, akatazama viatu vyake vya kazi.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu ulipohamia zamu ya usiku."

Alipumua. "Chumbani kwangu nisingemsikia akiita," akasema. "Ndiyo maana nalala kwenye kile kiti. Nilisema mama asikae peke yake."

Sikuwa na mzaha wa kuweka hapo. Hata ningekuwa nao nisingeuweka.

"Kasema akijua umeambiwa ataondoka," nikamwambia.

"Mimi sijaambiwa kitu," Baba akajibu, akainuka kwenda kazini.

Bibi aliporudi nyumbani, alikuta amehamishiwa chumba changu, kinachopata jua la asubuhi tu. Mama alisema ni kwa ajili ya joto, na kweli. Baba naye akatangaza, kwa sauti ya kusikika hadi kwa Mama Zuhura, kwamba sebuleni kunamuumiza mgongo. Akabeba kiti chake mpaka mbele ya nyumba, chini ya mwarobaini, na redio yenye waya mrefu uliopitia dirishani. Akaifungulia. Taarifa za habari, mpira, mahubiri, bei za mazao, chochote. Kelele zikitoka mbele, maana yake mkwe yuko mbele. Akitaka kuingia ndani anaizima kwanza, anakohoa, anahesabu moyoni, ndipo anaingia.

Siku ya kwanza Bibi alisikiliza ile redio kwa muda, kichwa ameinamisha.

"Umemwambia."

"Nimemwambia nini?"

"Mke mwenza, una mdomo kama kisima kisicho na kifuniko."

"Kisima si ndicho tunachotaka?"

Alinitazama kwa jicho lake la kuazima. Mzigo hakufunga. Aliinuka, akachukua kopo lake, akapita sebuleni mchana kweupe.

Kuanzia hapo ikawa vita ya waziwazi, mimi na joto. Asubuhi naenda dirishani kuning'iniza shuka mbichi, upepo ukipita unaingia umepoa. Saa za jua kali Bibi hakai kitandani tena, tunamtandikia mkeka kwenye sementi, miguu ndani ya beseni. Sweta lilienda chini ya godoro. Kanga moja tu, nyepesi, imeloweshwa na kukamuliwa, juu ya mabega. Maji ya bomba ya kwetu yana ukakasi wa chumvi, hakuyapenda, basi Mama Zuhura akawa anatuletea dumu la maji baridi yasiyo na chumvi kutoka kwao, na tukiyakamulia ndimu hanung'uniki. Hanywi kikombe kizima? Tulimpa nusu, baadaye nusu. Nisipokuwepo anamtuma mtoto wa jirani amjazie. Nikiwepo tunashindana.

"Hiki ni cha mume wetu," nasema, nakinywa changu. "Asiyekunywa hampendi."

"Uongo wako. Mimi nilimpenda hata kabla mama yako hajazaliwa." Anakinywa chake.

Nikamuuliza pia rangi ya mkojo, kila siku, bila haya. Mwanzoni alinitukana. Baadaye akawa anatoka chooni mwenyewe na kutoa taarifa: "Leo kama maji ya mchele, mkaguzi. Andika." Tulipokwenda kliniki daktari alisoma majibu, akayasoma tena, akatuambia turudi baada ya miezi, si baada ya wiki. Bibi akamwambia, "Umeniona nimenenepa?"

Siku moja tu ndiyo nilidhani tumeshindwa. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja, mawingu yamekaa huko juu hayataki kufanya kazi, hewa imesimama. Jumamosi, saa nane. Umeme ukakatika. Feni ya chumbani ikazunguka kwa uvivu, ikaacha. Na redio, huko mbele, ikanyamaza.

Bibi alikuwa ameshakunywa. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, kikombe kitupu mkononi, na niliona anavyobadilika sura. Akavuta kanga kichwani.

"Nenda chooni, mke mwenza," nikamwambia. "Baba yuko nje."

"Utajuaje? Redio imezimwa."

"Umeme umekatika."

"Au ameizima aingie." Akajibana ukutani. "Chukua hicho kikombe. Leo inatosha."

Ilikuwa saa nane tu. Mchana wote ulikuwa bado uko mbele yetu, bila feni, na jasho lilikuwa limeanza kukauka kwenye uso wake. Nikainuka niende kuchungulia, ingawa nilijua hata nikileta habari hataamini, maana dakika moja baadaye Baba anaweza kuwa ameondoka pale alipokuwa.

Ndipo sauti ikatoka mbele ya nyumba. Mwanzoni nilidhani kuna mbuzi amekabwa na kamba. Alikuwa Baba, anaimba. Baba ambaye kanisani hufungua mdomo tu ili asionekane amenyamaza. Aliimba wimbo wa kwaya, sauti nzito isiyojua pa kupanda wala pa kushuka, peke yake chini ya mwarobaini, mtaa mzima ukisikia. Ng'ambo ya ukuta nilimsikia Mama Zuhura akiacha kutwanga.

Bibi alisikiliza. Kisha akaweka mkono kwenye bega langu, akasimama, akachukua kopo lake na kupita sebuleni bila haraka. Mlango wa choo ukafungwa. Baba alimaliza ubeti, akawa hajui kama imetosha, akaanza tena mwanzo.

Bibi aliporudi alikaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu ndani ya beseni.

"Huyu mtu hajui kuimba," akasema.

"Hajui kabisa."

"Kabisa."

Akanyoosha kikombe kwangu. "Jaza," akasema, "kabla hajafika mwisho wa wimbo."